Pua ya Fundi Saa

Mikono ya Fundi Saa haikuwa na neno. Ilikuwa bado mikono ya kazi, mikavu na mitulivu, na vidole vyake viliweza kuokota skrubu iliyo ndogo kuliko chembe ya sukari na kuiketisha mahali pake bila kutikisika. Kilichomsaliti ni macho. Jicho la kulia liliingia ukungu kwanza, na la kushoto, kama pacha asiyetaka kuachwa nyuma, likafuata. Alibadilisha lenzi aliyokuwa akiibana jichoni akachukua kali zaidi, kisha kali kuliko hiyo, mpaka kisanduku cha lenzi kikaisha. Daktari wa macho alimmulika, akavuta pumzi, akamwambia kwamba ukungu ungeweza kuondolewa, lakini nyuma ya ukungu nako kumechakaa.

"Utaona njia na utaona nyuso za watu, mzee. Lakini saa, sahau."

"Kusahau ni kazi ya wasio na kazi," Fundi alimjibu, akavaa kofia yake akatoka.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mtaani walimwita Mzee Sekunde, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: mlango unaotazama barabara, meza chini ya dirisha, benchi la wateja, na kuta zilizojaa saa zinazotembea. Nyuma ya pazia ndiko alikokuwa mke wake, ambaye Fundi alimwita Bi Mkubwa. Huyo alikuwa amepika, amelea na amelala katikati ya mlio wa saa hizo tangu alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi, mpaka akawa hausikii tena, kama mtu asivyosikia pumzi yake mwenyewe.

Zamani saa ilikuwa na mwenyewe. Mtu aliitia ufunguo asubuhi kabla ya kunywa chai, akaiweka sikioni, akaridhika. Ikianza kuchelewa aliileta kwa fundi kama anavyoletwa mtoto mwenye homa, akakaa kwenye benchi kusubiri aambiwe ina nini. Sasa mtu akitaka kujua saa anachomoa simu mfukoni, anakuta ujumbe, anausoma ujumbe, anacheka, anairudisha simu mfukoni, na ukimuuliza ni saa ngapi inabidi aitoe tena. Hao ndio watu waliobaki. Na jirani yao wa pembeni, aliyepanga chumba kilichoshikana na duka, alikuwa fundi simu. Aliitwa fundi, ingawa kazi yake ilikuwa kubandua kitu kilichokufa na kubandika kingine kilichotoka kiwandani, bila hata kuuliza kilichokufa kimekufa kwa nini. Alikuwa na adabu, hilo Fundi Saa hakumnyima. Lakini alikuwa pia na jicho lake kwenye ule ukuta uliowatenganisha.

"Shikamoo, Mzee Sekunde."

"Marahaba. Umekuja kuugonga ukuta wangu tena?"

"Nausalimia tu, mzee. Siku ukichoka uniambie mimi kwanza, usimwambie mwingine."

"Nikichoka nitalala. Nikiamka utanikuta hapa hapa."

Majibu alikuwa nayo. Lakini kulikuwa na saa ya mkononi ya mwalimu mstaafu, ambayo Fundi aliivunja. Ncha ya ekseli ya kile kigurudumu kinachopigapiga, moyo wenyewe wa saa, iliingia kando ya tundu lake, na yeye, asione, akakaza. Ilikatika kwa mlio mdogo ambao hata mtu aliyekuwa benchini asingeusikia, lakini Fundi aliusikia mpaka mgongoni. Kifaa cha namna ile hakipatikani tena popote. Aliivua saa yake mwenyewe mkononi, akampa mwalimu. Jioni Bi Mkubwa aliona kifundo cha mkono kitupu, chenye alama nyeupe ya mkanda, na hakuhitaji kuelezwa.

"Baba watoto," alisema, "twende kwa mtoto."

Mtoto ni binti yao wa mwisho, mwenye nyumba upande mwingine wa mji, uwanja wa kuanikia nguo, watoto wawili watundu, na chumba kitupu alichokwisha kukipaka rangi kwa ajili yao. Bi Mkubwa alikuwa amechoka kuishi nyuma ya pazia. Alitaka kuwakaripia wajukuu kila siku, si kwa zamu. Fundi alisema watalizungumza. Hawakulizungumza, lakini sanduku moja la nguo lilitoka juu ya kabati likakaa sakafuni, mdomo wazi.

Binti mwenyewe ndiye aliyeleta kile kitu. Wasomi wa lugha wanakiita kishikwambi, yeye alikiita tableti, mama yake alikiita televisheni ndogo. Fundi alikiita kioo, kwa sababu alipokishika mara ya kwanza pale mlangoni penye jua hakuona ndani yake ila kofia yake na nyaya za umeme za barabarani.

"Baba, utasoma magazeti. Maandishi unayakuza unavyotaka."

"Magazeti ya siku hizi hata ukiyakuza hayana kitu ndani."

"Basi utawatazama wajukuu zako."

"Wajukuu nawatazama wakija."

"Na wasipokuja?"

"Ndipo nitajua hawakulelewa."

Binti alicheka, hakukasirika. Alimjua baba yake. Alikiwasha kioo, akamwonyesha kilivyoandika saa pale juu pembeni kwa tarakimu, sahihi isiyo na mfano. Fundi aliitazama ile saa kwa dharau. Haikuwa na mshale, haikuwa na mlio, haikutiwa ufunguo na mtu yeyote. (Tangu siku hiyo aliitumia kuzirekebisha saa zake zote za ukutani, kwa kuwa redio nazo siku hizi zinapiga kelele mpaka saa kamili inapita bila kutangazwa. Lakini alifanya hivyo Bi Mkubwa akiwa sokoni.)

Kisha binti, kwa kuchezacheza tu, akaielekeza kamera kwenye saa iliyokuwa wazi mezani, akapiga picha, akaweka vidole viwili juu ya picha na kuvitanua.

Fundi alikiinamia kioo. Ndani ya kioo yalikuwepo meno ya gurudumu la shaba, moja moja, makubwa kama ya msumeno, na kwenye jino mojawapo palikuwa na unyuzi wa pamba uliokwama. Saa hiyo aliihangaikia wiki nzima akiamini springi yake imechoka. Kumbe ni pamba.

"Tanua tena," alisema.

"Baba, unalia?"

"Ni macho. Si nimekwambia yana ugonjwa? Tanua tena."

Kesho yake alilivunja kasha la saa kubwa ya ukutani iliyokufa siku nyingi, akatengeneza meza ndogo ya miguu minne ya kukaa juu ya meza yake. Kioo kililala juu, uso kwake, na saa ikakaa chini ikitazamwa na kamera. Hapo ndipo alipogundua kwamba waliokitengeneza waliliweka jicho pembeni kabisa, si katikati, kama mtu aliyezaliwa na jicho kwenye sikio. Akaikata meza upya. Dirisha nalo lilimrudishia barabara nzima kiooni, akatundika shuka jeusi kati ya kioo na dirisha, saa ikaachiwa mwanga wake chini. Bi Mkubwa alipolikosa shuka lake, alikuja akamkuta mumewe ameinama gizani kama mpiga picha wa enzi zile za kujifunika kichwa.

Alikichunguza kitu kile kama anavyochunguza saa ngeni, bila woga na bila haraka, akakijua ubora na udhaifu wake. Kilikuwa na nuru ya kutosha. Kilikuza kuliko lenzi yoyote aliyowahi kumiliki. Kilikumbuka: kabla ya kufungua chochote alipiga picha, na kila skrubu ikabaki na anwani yake. Hayo aliyakubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa hakuwa mtu wa kunyima sifa chombo kinachofanya kazi. Lakini alimpigia binti simu.

"Picha inachelewa."

"Inachelewa kidogo sana, baba. Hakuna mtu anayeona."

"Mimi naona. Kuchelewa ndiyo kazi yangu."

Ni kweli ilichelewa. Ukisogeza kibano, kibano cha kiooni kilisogea baadaye kidogo, kama mtumishi mvivu aliyeitwa. Ukifuata macho, mkono ulikuwa umekwisha kupitiliza. Na tena picha ilikuwa bapa. Haikujua lililo juu na lililo chini. Skrubu iliyosimama na skrubu iliyozama zilionekana sawasawa. Fundi alikaa na saa zilizokufa, zile alizozitupia kwenye debe la vipuri, akazifungua na kuzifunga, akaharibu baadhi, mpaka mkono ukajifunza mwendo mpya: sogeza, tulia, ngoja picha ifike, tazama, sogeza tena. Urefu wa kwenda chini akauachia kibano chenyewe, maana chuma kikigusa chuma kinasema, na vidole vyake vilikuwa bado vinasikia.

Udhaifu uliobaki ulikuwa usingizi. Kioo kisipoguswa kwa muda kilijifunga na kuwa cheusi. Binti alirefusha muda huo mpaka mwisho wa kipimo, lakini kamera ilikuwa na usingizi wake yenyewe. Sasa mtu mwenye kibano mkono huu na bisibisi mkono huu akiguse na nini? Fundi alijaribu kidevu, ndevu zikazuia. Akajaribu pua. Pua ilikubaliwa.

"Naona mmefika mbali," Bi Mkubwa alisema, amesimama kwenye pazia. "Mimi hunibusu hata sikukuu, televisheni unaibusu mchana kweupe."

"Naiamsha."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Habari ilipita ukutani. Fundi simu alikuja kuona, akatazama ile meza ya miguu minne, akatikisa kichwa. "Mzee, hicho kitu kimetengenezwa kwa ajili ya kutazamia filamu."

"Na wewe umetengenezwa kwa ajili ya kulima, ila mambo yameharibika," Fundi alimjibu, na wote wawili wakacheka, mmoja kwa sauti zaidi.

Hapo ndipo alipokuja Bibi Mkunga. Alikuwa mkunga kabla ya kustaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule, pamoja na watoto wote wa Fundi, walidondokea mikononi mwake. Aliketi benchini, akafungua leso, akatoa saa ya kubandika kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili mwenyewe aisome akiinamisha macho. Ilikuwa imesimama.

"Mjukuu wangu anaanza kazi wodini Jumatatu," alisema. "Huko hawaruhusiwi simu, wala saa ya mkononi, kwa ajili ya kunawa. Nataka aingie na hii. Nimehesabia mapigo ya moyo ya watoto wengi kwa mshale huu, wakiwemo wako. Lakini nimesikia habari za macho yako, baba. Useme ukweli. Kama huwezi, nitampa vivyo hivyo imesimama, aiweke kabatini iwe pambo."

"Saa si pambo," Fundi alisema. "Njoo Jumamosi."

Alipoondoka, pazia lilifunguka. Bi Mkubwa alikuwa amesikia yote, na hakutania.

"Hiyo usiichezee, mume wangu. Ya mwalimu uliilipa kwa yako. Ya huyu utailipa kwa nini?"

"Sitaivunja."

"Na ukiivunja?"

Fundi alizitazama kuta zake. "Nikiivunja, nafunga duka. Jumapili tunahamia kwa mtoto. Ukuta ataupata huyo wa simu."

"Umesema wewe."

"Nimesema mimi. Na nikiitengeneza, sanduku lirudi juu ya kabati, na neno hilo lisisemwe tena."

Bi Mkubwa akasema "Haya," kama mtu anayeweka jiwe mezani, akarudi nyuma.

Aliifanya kazi kwa siku za mwanga mzuri tu. Alipiga picha, akafungua, akakuta mafuta ya zamani yamegeuka gundi. Aliosha kila kipande, akapuliza, akaanza kukifunga kimoja baada ya kingine, sogeza, tulia, ngoja, tazama, pua ikifanya kazi yake. Ijumaa asubuhi alikiweka kile kigurudumu cha moyo mahali pake, ncha ikaingia tunduni kama mtu anayeingia kwake. Akatia ufunguo. Saa ikaanza kutembea.

Mtu mwingine angeishia hapo. Fundi aliiweka sikioni, akakunja uso. Ilikuwa inachechemea: pigo la kwenda refu, la kurudi fupi. Saa ya namna hiyo inatembea leo na kesho, kisha inasimama siku ambayo mtu anaihitaji. Au ni masikio nayo yameanza? Binti alikuwa amemwekea programu ya kusikiliza saa, ambayo inachora mistari ya mapigo. Aliiwasha. Ikachora vurugu tupu. Alifikiri kidogo, akaelewa: kioo kilikuwa kinasikia saa zote za ukutani kwa pamoja na hakijui kuchagua, jambo ambalo sikio la mtoto mchanga linaliweza.

Basi akainuka, akapita ukuta kwa ukuta, akizisimamisha. Moja moja. Alipogusa ya mwisho, chumba kiliingia ukimya ambao hakikuwahi kuwa nao tangu kiwe duka.

Nyuma, sufuria ilianguka. Pazia lilipasuka kwenye pete zake na Bi Mkubwa akaingia mbio, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, mdomo wazi bila sauti. Alimkuta mumewe amesimama katikati ya chumba, mzima, amenyanyua kidole.

"Shhh," alisema Fundi. "Kinasikiliza."

"Nani anasikiliza?"

"Kioo."

Bi Mkubwa alijishika kifua. Alikaa benchini. "Nilijua umekufa," alisema. "Nilikuwa naosha vyombo, nikaona masikio yamekuwa makubwa. Nikasema, baba watoto amekwenda. We mzee! Unazinyamazisha saa zote bila kuniambia? Siku ukifa kweli siji. Nitamaliza kwanza vyombo."

"Pole, mama. Sasa nyamaza."

Alinuna, akaondoka kwa vishindo. Kioo kilisikiliza, kikachora mistari miwili iliyoachana wazi. Masikio ya Fundi yalikuwa hayana neno. Saa ilikuwa inachechemea kweli.

Dawa yake anaijua kila fundi na kila fundi anaiogopa. Ile springi nyembamba kama unywele, iliyojiviringisha juu ya moyo wa saa, inazungushwa kidogo pale inaposhikwa katikati. Kidogo mno, ni kama kuugeuza unywele wa mtu aliyelala bila kumwamsha. Ukizidisha, unywele unapinda, na ukipinda hakuna wa kuunyoosha tena. Fundi hakukawia. Alirudi kwenye kamera, akashika moyo wa saa kwa kibano mkono wa kushoto, akaingiza ncha ya chombo katika ufa wake mkono wa kulia. Sogeza. Ngoja. Alikuwa nusu ya njia, chombo ndani ya ufa, unywele umejivuta, wakati kioo kilipoanza kufifia.

Akapeleka pua. Lakini kwa kuwa alikuwa na jasho, pua iliteleza ikagusa pengine. Saa ikatoweka. Badala yake likaja, kubwa kama mwezi, jicho lenye ukungu, na chini ya jicho hilo mfereji wa mikunjo, na chini yake tena pua yenyewe. Kamera ilikuwa imegeuka kumtazama yeye.

Hakuwahi kujiona karibu namna ile. Alimtazama yule mzee, na yule mzee akamtazama, na hakuna aliyempenda mwenziwe. Akijaribu pua tena, kichwa kingetikisa meza. Akiachia mkono mmoja, unywele ungeruka.

"Bi Mkubwa!"

"Umekufa tena?" sauti ilijibu kutoka nyuma.

"Njoo!"

"Namaliza vyombo. Si nilikwambia?"

"Mama watoto," alisema, na safari hii kwa sauti ya chini, "njoo tafadhali."

Neno la mwisho ndilo lililomleta. Aliona mikono ya mumewe imeganda chini ya meza ya miguu minne, akaona uso wake umejaa kioo kizima.

"Mungu wangu. Ndivyo tulivyozeeka hivi?"

"Pale pembeni pana alama ya mishale miwili inayozunguka. Iguse."

Aligusa. Hakikutokea kitu. Kidole kilikuwa na maji, na kitu kile cha ajabu kinachojua mambo ya dunia nzima hakimjui mtu mwenye kidole kibichi. Akakifuta kwenye gauni, akakipeleka tena, na kabla hakijafika kikasimama hewani.

Fundi alijua. Hakugeuza kichwa, lakini alijua. Ilikuwa kazi ya kuchelewa tu. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kuwaka moto kwenye kifundo. Kitambo kidogo zaidi na ungetetemeka, na Jumapili wangekuwa kwenye uwanja wa kuanikia nguo, wajukuu wakimrukia bibi yao. Hakuna ambaye angemlaumu. Wala Fundi mwenyewe asingejua kama kidole kilikuwa kibichi au kikavu. Angeweza kumsihi. Hakusihi. Aliendelea kushika, akatazama kiooni ule uso wa pili uliokuwa umeinama juu ya bega lake, wa mwanamke anayefikiri.

"Ungeniambia mapema kwamba unahitaji mtu," Bi Mkubwa alisema, na akagusa.

Saa ilirudi. Fundi alisogeza, akatulia, akangoja picha ifike. Kioo kilipofifia tena kidole kilikuwepo, kikavu, bila kuambiwa. Alipochomoa chombo, unywele ulijikunjua na kujikunja, duara ndani ya duara, safi, na moyo wa saa ukaanza kupiga. Waliiweka chini ya programu. Mistari miwili ilisogeleana ikawa mmoja.

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Ndiyo haichechemei."

"Basi ziwashe zako za ukutani, ukimya huu unanitisha."

Jumamosi Bibi Mkunga aliipokea saa kwa mikono miwili. Hakuuliza kitu. Alimshika Fundi kifundo cha mkono, kile kitupu, akaweka vidole vyake mahali anapopajua, akautazama mshale mpaka ukamaliza mzunguko.

"Inakwenda," alisema. "Na wewe unakwenda, ingawa una haraka."

"Ni furaha, mama."

"Furaha nayo uipunguze."

Alipoondoka, Bi Mkubwa alichukua kioo, akampigia binti kwa picha. Binti aliona paji la uso la mama yake na sehemu kubwa ya dari.

"Mama, shusha kidogo, sikuoni. Mnakuja kesho? Nitume gari?"

"Usitume. Hatuji. Chumba kile walaze watoto, nasi tutakuja kutembea, na wewe uwalete huku wapate kukaripiwa."

"Kwa hiyo baba kashinda?"

"Kashinda nini? Alikuwa ameganda pale kama sanamu. Kama si kidole changu mngekuwa mnamfariji sasa hivi."

"Mwambie ni kweli," Fundi alisema toka mezani. Alikuwa amekwisha kuifungua saa nyingine.

Bi Mkubwa alikiweka kioo chini, akavuta kiti cha jikoni mpaka kando ya meza ya kazi, akaketi. "Sasa sikiliza masharti. Zile saa ndogo za kike hupokei tena, zitatuua. Na mchana tunafunga, tunakula kama watu."

"Za kike nakubali," alisema Fundi. "Kufunga mchana, hapana. Mchana ndipo kuna mwanga."

"Basi tafuta kidole kingine."

Fundi aliinua uso, akamtazama, kisha akautazama ule mwanga mzuri uliokuwa dirishani unapita bure.

"Saa ngapi mchana?" aliuliza.